Kidonge cha masaa 12: kisa cha OxyContin na uraibu ulioanzia kwenye cheti cha daktari

OxyContin iliuzwa kwa ahadi fupi sana: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, na maumivu yanatulia mchana kutwa na usiku kucha. Purdue Pharma, kampuni ya jimbo la Connecticut nchini Marekani, ilikiingiza kidonge hicho sokoni mwaka 1996, baada ya kupata kibali cha FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, Desemba 1995. Ndani yake mlikuwa na oksikodoni, dawa ya jamii ya afyuni ambayo Wajerumani waliitengeneza tangu 1916. Kwa hiyo dawa ilikuwa ya zamani. Kampuni ilichouza kama kitu kipya ni muda wake wa kufanya kazi.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari za familia moja tajiri, ya Sackler, iliyomiliki Purdue, na tamaa yake. Tamaa ilikuwepo, na mahakama zimeisikia kwa kirefu. Lakini msomaji anayetaka kuelewa jinsi mtu mwenye mgongo mbovu, asiyewahi kugusa unga wa kulevya maishani mwake, alivyogeuka mraibu akiwa mikononi mwa daktari wake, ni vizuri aanzie kwenye hayo masaa 12.

Tuitendee haki dawa kwanza. Oksikodoni ya kawaida hutuliza maumivu kwa masaa 4 hadi 6. Mgonjwa wa saratani ya mifupa anayeitegemea hulazimika kuamka usiku wa manane kutafuta kidonge, na aliyewahi kumuuguza mtu wa namna hiyo anajua usiku huo unavyogoma kucha. Kidonge kinachoachia dawa polepole kinamfaa sana mgonjwa huyo. Purdue ilikuwa tayari na kidonge cha mofini cha aina hiyo, MS Contin, tangu miaka ya 1980, ila mofini ina jina zito: watu wakiisikia wanajua mgonjwa yuko ukingoni. Oksikodoni haikubeba mzigo huo. Madaktari wengi waliidhania nyepesi kwa sababu waliizoea kwenye vidonge vilivyochanganywa na parasetamoli, ilhali ikinywewa kwa kipimo sawa ina nguvu kuliko mofini. Dhana hiyo potofu iliifaa kampuni, nayo haikujihangaisha kuisahihisha.

Mkaguzi wa FDA aliyeipitia dawa hii mwaka 1995 alieleza kwamba haikuonesha ubora wowote wa maana kuliko oksikodoni ya kawaida inayomezwa mara nne kwa siku, isipokuwa kupunguza idadi ya mara za kumeza. Hapo ndipo pa kukazia macho. Biashara yote ilisimama juu ya nguzo moja. Oksikodoni ya kawaida ilikuwa bei poa. Kama kidonge kipya kingedumu masaa 8 tu, muuguzi bado angekigawa mara tatu kwa siku, na kampuni ya bima ingeuliza kwa nini ilipe pesa nyingi kwa tofauti ndogo. Ikawa masaa 12 lazima yabaki masaa 12, mwili wa mgonjwa ukubali au ukatae.

Na miili mingi ilikataa. Kidonge hakiachii dawa kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Sehemu moja huingia kwenye damu haraka, nyingine hufuata taratibu. Kwa baadhi ya wagonjwa hesabu inatimia. Kwa wengine dawa inakwisha nguvu baada ya masaa nane au kumi. Dalili zilionekana kabla ya kidonge kufika sokoni: mwaka 1989 kilijaribiwa kwa wanawake 90 waliotoka kufanyiwa upasuaji katika hospitali mbili za Puerto Rico, na karibu nusu yao walihitaji dawa ya ziada kabla ya masaa 12 kutimia. Gazeti la Los Angeles Times liliyaweka haya hadharani mwaka 2016, miaka 20 baada ya dawa kuanza kuuzwa.

Tumchukue mgonjwa wa mfano, mchimba makaa ya mawe wa milima ya Appalachia aliyeumia mgongo kazini. Anameza kidonge saa 12 asubuhi. Hadi saa 4 yuko vizuri, anacheka na wenzake. Ikifika saa 8 mchana anaanza kupiga miayo asiyo na usingizi nayo. Makamasi yanamtoka bila mafua. Vinyweleo vinasimama, jasho linamtoka na huku anasikia baridi, tumbo linasokota, miguu haitulii. Mgongo nao unarudi kuuma, pengine kuliko ulivyouma mwanzo. Kidonge kingine ni saa 12 jioni, kwa hiyo anakaa masaa manne akiangalia ukuta.

Kijana yeyote wa maskani za Dar es Salaam au Mombasa angemsikiliza dakika moja tu akamwambia: kaka, hiyo ni arosto, mwili unadai dawa. Mchimba makaa hajui hilo. Yeye anaamini ugonjwa wake umezidi, na daktari anaamini hivyo hivyo. Mwili uliozoea afyuni ukikosa fungu lake hulalamika, hata kama mtu hajawahi kuitumia kwa starehe. Huo ni utegemezi wa mwili, na humpata karibu kila anayemeza dawa hizi kwa wiki kadhaa mfululizo. Uraibu ni hatua nyingine: mtu anaendelea kuitafuta dawa hata inapomharibia kazi, ndoa na afya, na hawezi kujizuia. Si kila mwenye utegemezi hufika huko. Ila ukitaka kumfundisha ubongo wa mtu kuingoja dawa kwa hamu na hofu, mfanye aonje arosto ndogo kila siku kisha umpe kidonge kinachoiondoa. Ratiba ya masaa 12, kwa mtu ambaye dawa humwishia baada ya masaa nane, ilifanya kazi hiyo bila mtu yeyote kukusudia kumlevya.

Daktari alikuwa na njia mbili. Angeweza kupunguza muda kati ya kidonge na kidonge, au kuongeza nguvu ya kidonge. Kampuni iliwaelekeza maofisa wake wa mauzo wasisitize njia ya pili: usiguse ratiba, panda kipimo. Kulikuwa na vidonge vya miligramu 10, 20 na 40, kikaja cha 80, na kwa muda mfupi kikawepo hata cha 160. Kupandisha kipimo huku muda ukibaki ule ule maana yake ni kwamba dawa inapanda juu zaidi kwenye damu, na inaposhuka inashuka kutoka mbali zaidi. Hatari ya kuzidiwa inakua kwenye kilele, arosto inakua bondeni. Halafu kidonge chenye nguvu kubwa kina bei kubwa, na bonasi ya ofisa mauzo ilitegemea mauzo. Mwaka 2001 wastani wa mshahara wa ofisa mauzo wa Purdue ulikuwa dola 55,000 kwa mwaka, na wastani wa bonasi dola 71,500. Soma tena namba hizo mbili na utaona nani alikuwa mwajiri wa kweli wa yule ofisa.

Mgonjwa anayerudi kliniki kabla ya siku yake, akiomba dawa zaidi, zamani angemfanya daktari asite. Kwa hilo kulikuwa na majibu mawili yaliyokwisha kuandaliwa. La kwanza ni barua fupi iliyochapishwa Januari 1980 katika jarida la New England Journal of Medicine. Aya moja, sentensi tano. Waandishi wake, Porter na Jick, waliangalia kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa hospitalini: 11,882 walipewa angalau dawa moja ya jamii hii, na uraibu uliothibitishwa ulionekana kwa wanne tu. Barua ilikuwa ya kweli kwa kile ilichokipima, yaani watu waliopewa dawa wakiwa kitandani mbele ya wauguzi. Haikusema lolote juu ya mtu anayekwenda nyumbani na chupa ya vidonge kwa miezi au miaka. Hata hivyo ikageuzwa ushahidi kwamba uraibu humpata chini ya mtu mmoja kwa kila 100. Mwaka 2017 jarida lile lile lilichapisha hesabu ya waliowahi kuinukuu barua hiyo: machapisho 608, na mengi yao hayakutaja kabisa kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Uchambuzi wa tafiti uliotoka 2015 ulikadiria kwamba kati ya wanaotumia dawa hizi kwa maumivu ya muda mrefu, 8 hadi 12 kwa kila 100 hupata uraibu.

Jibu la pili, kwa maoni yangu, ndilo baya zaidi, maana lilifumba macho ya daktari mwenye nia njema. Mwaka 1989 madaktari wawili waliandika kuhusu mgonjwa mmoja, kijana wa miaka 17 mwenye saratani ya damu, aliyekuwa akidai dawa kama mraibu kumbe maumivu yake hayajatulizwa vya kutosha. Hali hiyo wakaiita uraibu bandia, na tiba yake ikawa kumwongezea dawa. Kwa kijana yule huenda ilikuwa sahihi. Lakini mmoja wa waandishi, Haddox, baadaye aliajiriwa na Purdue, na wazo lililotokana na mtu mmoja likafundishwa nchi nzima. Sasa rudi kwa mchimba makaa wetu. Anapoomba kidonge cha ziada, hiyo inahesabiwa kuwa dalili kwamba anapewa kidogo. Akipewa zaidi na akaomba tena, jibu ni lile lile. Hakukuwa na tabia ambayo mgonjwa angeweza kuionesha ikasomeka kama tahadhari.

Namna dawa ilivyotangazwa nitaipitia haraka, maana imeandikwa sana. Kati ya 1996 na 2001 kampuni iliandaa zaidi ya mikutano 40 kwenye hoteli za kifahari huko Florida, Arizona na California, na zaidi ya madaktari, wafamasia na wauguzi 5,000 walihudhuria kwa gharama zake. Kulikuwa na kofia za wavuvi, vidoli, hata santuri yenye jina la dawa. Kulikuwa pia na kuponi za kumwanzishia mgonjwa dawa bure kwa siku 7 hadi 30, na hadi 2001 zilikuwa zimetumika kama 34,000. Kuponi ya bure kwa dawa ya jamii ya afyuni! Wauza unga wa mtaani nao wanaijua mbinu hiyo. Mauzo yalipanda kutoka dola milioni 48 mwaka 1996 hadi zaidi ya dola bilioni moja mwaka 2000.

Waliolipa mwanzo ni watu wa vijijini: Maine, West Virginia, mashariki ya Kentucky, kusini magharibi ya Virginia. Ni maeneo ya migodi, mbao na kazi za sulubu, ambako migongo na magoti huharibika mapema na madaktari walikuwa na desturi ya kuandika dawa za maumivu kwa wingi. Huko Lee County, Virginia, daktari wa kliniki ndogo ya mji wa wachimba makaa, Art Van Zee, alianza kuona vijana aliowachanja utotoni wakirudi wakiwa na majipu kwenye mikono waliyojichoma sindano. Lebo ya dawa ilionya kidonge kisipondwe kwa kuwa kingeachia dawa yote kwa mpigo. Onyo hilo hilo liliwaelekeza waliotaka kulewa. Van Zee aliiandikia kampuni, akaiandikia FDA, akakusanya saini kutaka dawa iondolewe sokoni, na mwaka 2009 akachapisha uchambuzi ambao hadi leo ndio msingi wa mengi tunayoyajua kuhusu mauzo hayo.

Lebo nayo ilikuwa na sentensi iliyosema kuwa ufyonzwaji wa polepole unaaminika kupunguza uwezekano wa dawa kutumiwa vibaya. Inaaminika na nani? Hakukuwa na utafiti. FDA iliruhusu, ikaiondoa mwaka 2001, na kuweka onyo kali lenye fremu nyeusi. Mwaka 2007 kampuni mwenza wa Purdue na viongozi watatu walikiri mahakamani huko Virginia kosa la kuipa dawa sifa zisizo za kweli, kwamba haileti uraibu sana, na wakalipa dola milioni 634.5. Kuhusu masaa 12 mambo yalikwenda vingine. Mwanasheria mkuu wa Connecticut aliiomba FDA mwaka 2004 ichukue hatua juu ya madaktari kulazimika kuandika dozi za karibu karibu, na mwaka 2008 ombi likakataliwa.

Mwilini mambo huenda hivi. Dawa za jamii ya afyuni hushika vipokezi fulani kwenye ubongo na uti wa mgongo. Vipo vinavyozima maumivu, vipo vinavyoleta raha, na vipo kwenye shina la ubongo vinavyoamuru kifua kipande na kushuka. Mtu anapozoea dawa, raha hupungua haraka, inabidi aongeze. Mazoea ya kupumua hayaendi kwa kasi hiyo. Kwa hiyo pengo kati ya dozi inayomridhisha na dozi inayomwua linazidi kuwa jembamba, na yeye anahisi amekuwa sugu. Akichanganya na pombe, au na vidonge vya usingizi na wasiwasi kama diazepamu, pengo hilo huweza kufutika kabisa. Wengi hufa wakiwa wamelala. Familia inasikia mkoromo mzito wa ajabu, inafikiri amechoka, kumbe hewa inakata.

Mengine hayaui haraka, lakini hutesa. Tumbo hufunga, na mwili hauzoei hilo hata miaka ikipita. Wanaume hupungukiwa homoni, nguvu na hamu. Wanawake hukosa siku zao. Wazee huanguka na kuvunjika. Mtoto wa mama anayetumia huzaliwa na arosto yake, akitetemeka na kulia kilio kisichobembelezeka. Na lipo jambo ambalo ni vigumu kumshawishi mgonjwa alikubali: dawa ya maumivu ikitumika muda mrefu kwa dozi kubwa inaweza kuufanya mwili usikie maumivu zaidi. Mtu anaongeza dozi kuukimbia moto ambao dawa yenyewe inauchochea.

Agosti 2010 Purdue ilileta OxyContin mpya, ngumu kuponda, inayogeuka ute ikikutana na maji. Kwenye karatasi hiyo ni hatua njema. Lakini arosto haikuondoka na kidonge cha zamani. Watu wakahamia heroini, iliyokuwa rahisi na ipo mtaani. Waliokufa kwa heroini Marekani mwaka 2010 walikuwa 3,036, mwaka 2014 wakafika 10,574, na watafiti waliona ongezeko kubwa zaidi kwenye majimbo ambako OxyContin ilitumiwa vibaya zaidi. Baada ya heroini ikaja fentanili, dawa ya jamii hiyo hiyo yenye nguvu kuizidi. Katika mji mdogo wa Austin, Indiana, watu waliokuwa wakijidunga dawa nyingine ya maumivu, oksimofoni, kwa sindano za kuchangia waliambukizana VVU. Hadi mwisho wa 2015 waliogunduliwa walizidi 180 katika mji wa watu kama 4,000. Kuanzia 1999 hadi 2022 dawa za jamii hii, za hospitali na za mtaani pamoja, zimeua Wamarekani zaidi ya laki saba.

Kosa la pili lilikuja kutoka upande wa pili. Mwaka 2016 ulitoka mwongozo wa kitaifa wa kupunguza uandikaji wa dawa hizi, na kliniki nyingi zikausoma kama amri ya kuwakatia wagonjwa ghafla. Waliozoeshwa miaka kumi waliambiwa Jumatatu kwamba Ijumaa hawapati tena. Wengine walikwenda mtaani, wengine walijiua. FDA ilitoa onyo mwaka 2019 dhidi ya kukata ghafla, na mwongozo ukaandikwa upya mwaka 2022. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki au miezi, mgonjwa akishirikishwa. Kwa aliyefika kwenye uraibu, tiba yenye ushahidi ni methadoni au buprenofini, ambazo hukaa mwilini muda mrefu na kuizima arosto bila kupandisha na kushusha. Ndiyo dawa ileile ya methadoni inayotolewa Muhimbili tangu 2011 kwa waliokuwa wakitumia heroini. Kumpeleka mtu soba, yaani nyumba ya wanaoacha dawa za kulevya, bila dawa hizo za tiba, akae miezi mitatu kisha arudi nyumbani, kuna hatari yake: mwili umesahau kuvumilia, na dozi aliyoizoea zamani inamwua siku ya kwanza anapoteleza.

Kwetu Afrika Mashariki kisa hiki kinaweza kusomwa vibaya. Tatizo letu kubwa hospitalini bado ni mgonjwa wa saratani anayekufa analia kwa kukosa mofini. Uganda ilionesha njia: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, hutumia mofini ya maji, rahisi na isiyo na wa kuipigia debe, na mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa maalumu kuiandika. Hakuna bonasi, hakuna kuponi. Tukiiogopa mofini ya mgonjwa anayekaribia kufa kwa sababu ya kilichotokea Virginia, tutakuwa tumemwadhibu asiyehusika.

Kesi za Purdue zimeendelea. Kampuni iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2019, ikakiri makosa mapya ya jinai mwaka 2020, na Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataa mpango ambao ungeilinda familia ya Sackler isishtakiwe tena. Mwaka uliofuata ukatangazwa mpango mwingine wa dola bilioni 7.4.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani, wakiwemo Wakongo wengi wa Kentucky wanaofanya kazi za kuinua mizigo, lipo la kujua leo. Mzee akipewa vidonge hivi baada ya upasuaji, nunueni nalokso ya kupuliza puani, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na dawa za jamii ya afyuni. Tangu 2023 inauzwa Marekani bila cheti. Mkimkuta haamki hata akisuguliwa kifuani kwa nguvu, midomo imegeuka bluu au kijivu, anakoroma kama anayezama, pulizeni na pigeni simu ya dharura, 911, hapo hapo. Akizinduka na kusema yuko sawa, msiwarudishe watu wa gari la wagonjwa. Nalokso hudumu kama dakika 30 hadi 90, na kidonge cha kuachia dawa polepole bado kinaendelea kutoa kilichobaki tumboni.